Kusafisha Picha za Simu na Kuzitengenezea Kitabu cha Familia

Picha ambayo kwenye kioo cha simu inaonekana safi kabisa inaweza kutoka studio ikiwa imefifia, imejaa giza au imekatwa vichwa, na mwenye picha akamlaumu fundi wa mashine. Mara nyingi fundi hana kosa. Ubora wa picha ya karatasi huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla faili halijafika kwake: ni faili lipi lililochaguliwa, lilipitia njia gani, lilikatwa kwa uwiano upi, na nani aliyegusa rangi ya nyuso. Mwongozo huu unafuata kazi ambayo familia nyingi za Afrika Mashariki hujikuta nayo baada ya harusi, mahafali au mkutano wa ukoo, yaani kukusanya picha zilizotawanyika katika simu za watu wengi, kusafisha zile zinazostahili fremu, na kuzipanga nyingine katika kitabu kimoja kitakachochapishwa nakala kadhaa.

Faili la asili

Kinachoharibu kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote ni kutumia nakala iliyopita WhatsApp. Programu hiyo hubana picha ili isafiri haraka na isile bando. Picha ya simu yenye megapikseli 12, ambayo ilipopigwa ilikuwa na takriban pikseli (vitone vidogo vinavyoiunda picha) 4000 kwa 3000, ikitumwa kwa njia ya kawaida humfikia mpokeaji ikiwa na takriban pikseli 1600 tu katika upande wake mrefu. Chaguo la HD lililoongezwa mwaka 2023 linasaidia, ingawa nalo hubana. Picha ikihamishwa kutoka kundi la familia hadi kundi la kamati, kisha mtu akaihifadhi na kuituma upya, hupoteza zaidi, na ile iliyopatikana kwa kupiga picha ya skrini ni dhaifu kuliko zote, kwa sababu hiyo ni picha ya kioo na faili lenyewe halimo ndani yake.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza nani hasa aliyeipiga kila picha unayoitaka, kisha umwombe aitume kama dokumenti badala ya picha, au aiweke kwenye Google Drive, au akupe kwa flashi. WhatsApp haigusi faili lililotumwa kama dokumenti. Ndugu mwenye iPhone huenda akakutumia faili la aina ya HEIC, ambalo kompyuta za baadhi ya studio hazilifungui. Mwombe alibadilishe kuwa JPEG, aina ya faili la picha iliyozoeleka zaidi, au ulibadilishe mwenyewe mara moja kwa ubora wa juu kabisa, usiwe unalihifadhi upya kila unapolifungua.

Jihadhari pia na tarehe. Kwenye simu za Android, picha iliyoingia kwa WhatsApp hupewa jina la mtindo wa IMG-20190712-WA0003, na tarakimu hizo zinaonyesha siku ambayo picha ilipokelewa. Picha ya harusi ya mwezi Juni iliyotumwa mwezi Septemba itajipanga miongoni mwa mambo ya Septemba, na taarifa za kamera ambazo zingekusahihisha zimekwisha kufutwa njiani. Ukipanga kitabu kwa kufuata majina ya mafaili bila kuuliza watu, utamweka bibi harusi na mtoto wake mikononi kabla ya siku ya ndoa.

Hesabu ya ukubwa ni nyepesi, na inafaa uifanye mwenyewe bila kungoja mtu akukadirie. Picha inayoshikwa mkononi huhitaji takriban pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Gawanya pikseli za kila upande kwa 300, nawe utapata inchi ambazo picha inaweza kujaza bila kufifia. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 inatosha inchi 13 kwa 10, ukubwa unaopita karatasi ya A4 kwa upana na kwa urefu. Nakala ya WhatsApp ya pikseli 1600 kwa 1200 inatosha inchi 5 na kidogo kwa 4, maana yake itakubalika kwenye saizi ndogo ya inchi 6 kwa 4, lakini ukiitandaza ukurasa mzima wa A4 itakuwa na pikseli zisizofika 140 kwa inchi, na kope za macho zitageuka madoa. Unaweza kushuka hadi 200 kwa ukurasa wa kitabu bila watu wengi kugundua, na hadi 150 kwa picha kubwa ya ukutani inayotazamwa kwa mbali. Chini ya hapo, iweke picha hiyo ndogo ukurasani. Programu za akili bandia zinazodai kuikuza hubuni vinyweleo, meno na mboni ambazo hazikuwepo, na katika kumbukumbu ya ukoo hilo ni kosa kubwa: mjukuu atakuwa anatazama uso wa mtu ambaye hakuwahi kuishi.

Kuchagua, na nani aonekane

Shughuli moja huweza kuzaa picha mia nane, na kitabu cha kurasa 24 hubeba vizuri hamsini au sitini. Kazi ya kupunguza ifanyeni watu wawili, mmoja aliyekuwepo na mmoja ambaye hakuwepo, kwa sababu aliyekuwepo huona katika picha mambo ambayo karatasi haitayaonyesha. Baada ya kupata orodha ya kwanza, andikeni majina ya wazee wote waliohudhuria na kuhakikisha kwamba kila mmoja ana angalau picha moja ambayo uso wake unaonekana. Mzee aliyesahaulika hatasema siku kitabu kinapozinduliwa, ila atakumbuka, na hakuna uzuri wa karatasi utakaofidia hilo.

Katika familia za Kiislamu za mwambao kuna jambo la pili ambalo halipaswi kuachiwa bahati. Picha za singo, za kupamba na za shughuli nyingine za wanawake peke yao zilipigwa kwa kuaminiana kwamba wanaume wasio maharimu, yaani wasio ndugu wa karibu ambao ndoa nao ni haramu, hawataziona. Zisiingie kwenye kitabu kitakachowekwa sebuleni. Watengenezee wanawake kitabu chao, uombe ridhaa ya kila anayeonekana bila ushungi, uchague studio ambayo faili litashughulikiwa na mwanamke, na usimame pale mpaka nakala iliyobaki kwenye kompyuta yao ifutwe.

Ukataji

Kamera ya simu kwa kawaida hutoa picha yenye uwiano wa 4 kwa 3, ilhali saizi inayopendwa zaidi studio, inchi 6 kwa 4, ina uwiano wa 3 kwa 2, ambao ndio wa kamera nyingi kubwa. Tofauti hiyo maana yake ni kwamba mashine itaondoa sehemu moja ya tisa ya kimo cha picha iliyolala, na kama hukuchagua wewe, itaondoa juu na chini kwa usawa: kilemba cha mama mkubwa huku, miguu ya watoto waliokaa chini kule. Kata mwenyewe kwa programu kama Snapseed au GIMP, au agiza saizi ya inchi 8 kwa 6, ambayo inalingana barabara na picha ya simu. Karatasi ya inchi 10 kwa 8 hula zaidi picha za kamera kubwa kuliko za simu. Picha za vikundi ndizo zinazoumia kuliko zote, kwa hiyo siku ya kupiga mwombe mpiga picha aache nafasi pande zote, hata kama kwa wakati huo inaonekana ni nafasi ya bure.

Rangi ya nyuso

Kioo cha simu kina taa yake. Karatasi haina ila mwanga unaoiangukia. Picha uliyoirekebisha usiku huku mwanga wa kioo ukiwa umepandishwa hadi mwisho itatoka na giza. Shusha mwanga wa kioo hadi karibu nusu, zima chaguo linalofanya kioo kiwe na rangi ya manjano nyakati za usiku, ukae chumbani mbali na jua la moja kwa moja, ndipo uanze kurekebisha.

Kisha iangalie ngozi. Kwa miongo mingi vifaa vya picha za rangi vilipimwa kwa ngozi nyeupe: tangu miaka ya 1950 maabara za Marekani zilikuwa zikisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Mambo yamebadilika tangu hapo, lakini urithi wake haujatoweka. Mashine ya studio yenye marekebisho ya moja kwa moja hupima wastani wa mwanga wa picha nzima, na mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama kando ya gauni jeupe, mashine hufifisha gauni kwa kuutosa uso gizani, au huangaza uso mpaka ugeuke wa kijivu. Huweza pia kuwapo mkono wa fundi anayedhani anakufurahisha kwa kukuweupesha. Mwambie waziwazi, na ikiwezekana umwandikie kwenye oda: marekebisho ya moja kwa moja yazimwe, na ngozi isiangazwe.

Uso ukiwa na giza kweli, usipandishe mwanga wa picha nzima. Pandisha vivuli peke yake, kwa kiasi, mpaka uone umbo la shavu na mstari wa taya, kisha uache. Ngozi nyeusi iliyopigwa vizuri huwa na sehemu zinazong'aa na sehemu zenye kina, na uhai wa uso umo katika tofauti hizo mbili. Ukizisawazisha, uso hubaki bapa. Taa za ukumbini huleta tatizo la pili, ule wekundu au ujani unaopaka watu wote. Tafuta pichani kitu unachojua kuwa ni cheupe, kanzu au kitambaa cha meza, urekebishe mpaka kionekane cheupe, na nyuso zitafuata. Picha zilizopigwa kwa kichujio cha kulainisha uso, ambacho simu nyingi huja kikiwa kimewashwa, haziponi tena. Afadhali utafute picha ya mtu mwingine aliyekuwa amesimama karibu.

Hifadhi kazi kama JPEG ya ubora wa juu katika mfumo wa rangi wa sRGB, ambao ndio mashine za studio hutarajia. Mfumo mwingine, Adobe RGB, una rangi nyingi zaidi, lakini ukipelekwa kwenye mashine isiyousoma, watu wote hutoka wamepauka. Kitabu kinachochapwa kwa mtambo wa wino wa rangi nne kina mipaka mingine: bluu kali, kijani cha kung'aa na rangi ya chungwa ya kitenge au khanga hazitafika kwenye karatasi kwa ukali ule ule unaouona kwenye kioo. Ujiandae mapema, na uwaandae walioshona sare, kuliko kumrudisha fundi mara tatu kwa kitu ambacho wino wake hauwezi kukitoa.

Karatasi

Hapa uamuzi ni wa haraka. Karatasi inayong'aa huongeza ukali wa rangi lakini hushika alama za vidole na kuakisi dirisha; isiyong'aa inafaa fremu na mikono ya watu wengi; ile yenye chembechembe ndogo, ambayo studio nyingi za harusi huitumia, iko katikati, na ningekushauri uichague ikiwa huna sababu ya kufanya vinginevyo. Kwa kurasa za kitabu cha mtamboni omba karatasi ya gramu 150 hadi 170, kwani nyepesi kuliko hiyo huonyesha picha ya upande wa pili.

Kukijenga kitabu

Kuna vitabu vya namna mbili, na bei zake ziko mbali. Cha kwanza kina kurasa nene za karatasi halisi ya picha zilizobandikwa mgongo kwa mgongo, na hufunguka bapa kabisa, hivyo picha moja inaweza kuvuka kurasa mbili bila kumezwa katikati. Kinafaa kwa nakala moja au mbili za maharusi na wazazi. Cha pili huchapwa kwenye mtambo wa kidijitali kwa karatasi ya kawaida na kujalidiwa; hiki ndicho cha kugawia matawi ya ukoo. Kikifungwa kwa pini, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, na unene usizidi sana. Kikifungwa kwa gundi, kinahitaji kurasa za kutosha kufanya mgongo, na hakifunguki bapa, kwa hiyo acha milimita 20 upande wa ndani bila sura ya mtu wala maandishi. Kitabu cha kurudiwarudiwa na watoto ni bora kishonwe kwa uzi na kutiwa jalada gumu.

Kabla ya kupanga ukurasa wa kwanza, nenda kwa mchapaji umuulize mambo manne: saizi kamili ya ukurasa, ziada ya kukatia, mfumo wa rangi anaoutaka, na kama jalada liwe faili la peke yake. Ziada ya kukatia kwa kawaida ni milimita 3 kila upande. Picha inayofika ukingoni lazima ipite mstari wa kisu kwa kiasi hicho, la sivyo ukibaki utepe mweupe usilaumu kisu. Ukurasa wa A4, wenye milimita 210 kwa 297, hutayarishwa kwa milimita 216 kwa 303, sawa na takriban pikseli 2551 kwa 3579. Maandishi na nyuso zikae ndani zaidi, angalau milimita 8 kutoka mstari wa kukatia.

Kwa kupanga, Scribus ni programu ya bure inayoweza kutoa PDF ya kiwango cha mchapaji, ingawa kuijifunza kunataka subira. Canva ni rahisi zaidi na inatosha kwa kitabu cha kawaida, mradi upakue PDF ya kuchapia na kuwasha alama za kukatia. Tumia aina moja ya herufi kitabu kizima. Ukurasa mmoja ubebe picha moja hadi nne, na kila baada ya kurasa chache iwepo picha moja inayoachiwa ukurasa wote. Watu wengi hujaza kila pembe kwa kuona kwamba karatasi imelipiwa, nami nadhani huo ndio upungufu mkubwa wa vitabu vyetu vya familia: jicho halipati pa kutua, na ile picha moja iliyostahili kutazamwa hupotea kati ya kumi na mbili.

Maelezo ya picha yanahitaji muda kuliko mapambo yote. Usiandike "Shangazi na watoto". Shangazi wa baba ni bibi kwa mtoto, na ba mdogo wa mmoja ni mjomba kwa mwingine, hivyo baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua ni nani aliyekuwa anaongea. Chagua mtu mmoja wa kupimia undugu wote, kwa kawaida mzee ambaye kwa ajili yake kitabu kinatengenezwa, useme hivyo kwenye ukurasa wa kwanza, kisha kila picha iwe na majina kamili, uhusiano na mzee huyo, mahali na mwaka. Wasomee wazee maelezo hayo kwa sauti kabla ya kuyapeleka kuchapwa. Watakusahihisha majina na tahajia, na mara nyingi watakupa habari ambayo hukuwa unaitafuta.

Picha za zamani zikiingia kitabuni, ziskaniwe kwenye skana ya kioo bapa. Picha ya inchi 3 kwa 2 iliyoskaniwa kwa pikseli 600 kwa inchi hutoa pikseli 1800 kwa 1200, zinazotosha inchi 6 kwa 4. Skani na upande wa nyuma pia, kwani mhuri wa studio na mwandiko wa marehemu ni sehemu ya kumbukumbu. Picha ya nyeusi na nyeupe kutoka mahali kama Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1930, ina thamani inayozidi familia yenyewe. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue. Ipige ikiwa papo hapo, kando ya dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba nayo.

Jaribio, mapokezi na utunzaji

Usikubali kuchapwa nakala thelathini bila kuona moja. Kwa picha za fremu, agiza kwanza tatu ndogo: ya uso mweusi kivulini, ya nguo nyeupe juani, na ya ukumbini usiku. Zitazame mchana kando ya dirisha, kwa kuwa taa za studio hudanganya rangi. Zikitoka na giza zote, ongeza mwanga kwa kiasi kimoja kwenye mafaili yote. Kwa kitabu, omba nakala nzima ya majaribio iliyojalidiwa, uipitie na mtu ambaye hajawahi kuyaona maelezo, kisha uagize idadi yote kwa pamoja, kwa sababu oda ya baadaye huweza kutoka na rangi tofauti kidogo. Siku ya kupokea, fungua kila nakala kabla ya kumaliza malipo. Kurasa zilizogeuzwa juu chini na gundi isiyoshika huonekana hapo hapo.

Mwambao una adui wake, nao ni unyevu, hasa miezi ya masika. Picha iliyogusana na kioo cha fremu hunata, kwa hiyo weka kadibodi yenye dirisha kati yake na kioo. Epuka albamu za kurasa zenye gundi na plastiki inayofunikwa juu. Gundi hiyo hugeuka manjano na kuivuta picha. Kitabu kisimame kwenye rafu iliyo mbali na ukuta wa nje, na vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu au vifaa vya umeme vinafaa kuwekwa kando yake.

PDF ya mwisho ihifadhiwe pamoja na mafaili ya asili mahali pawili tofauti, moja nje ya nyumba yako, ukiandika kwenye jina la faili saizi ya ukurasa na mwaka. Ndugu aliyeko Muscat au London hatalazimika kusubiri mtu anayesafiri ambebee nakala yake. Utamtumia faili hilo hilo kama dokumenti, naye atalipeleka kwa mchapaji wa huko pamoja na maelezo ya gramu za karatasi na aina ya ujalidi.